Picha Inapotoka na Rangi Isiyo Yake: Kutafuta Kasoro katika Printa ya Wino ya Nyumbani

Printa ya kawaida ya wino hupata rangi zote za picha kutokana na wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi, ambazo kwenye matangi huandikwa herufi C, M, Y na BK. Hedi, yaani kichwa cha kuchapia, hurusha matone madogo mno kupitia matundu yaitwayo nozeli, nayo hutua yakipakana kiasi kwamba jicho huyaona kuwa rangi moja. Nyekundu ni majenta na njano. Bluu ni samawati na majenta. Kijani ni samawati na njano. Ngozi ya mtu huzihitaji zote, majenta na njano zikizidi. Mwenye kuyashika haya hahitaji kubahatisha, maana rangi iliyopotoka humwonyesha wino uliokosekana.

Katika kata ya Enguserosambu, tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, picha nyingi huwa na kipimo cha kosa hilo tayari ndani yake: shuka jekundu la anayepigwa picha. Shuka likitoka na rangi ya waridi kali, njano haishuki. Likielekea rangi ya chungwa au manjano, majenta ndiyo iliyopungua. Shuka likiwa sawa lakini msitu ulio nyuma ya mtu umegeuka manjano, kasoro iko kwenye samawati. Picha ndogo za pasipoti nazo zina kipimo chao, kwa kuwa fomu nyingi hutaka mandhari ya bluu mpauko. Bluu hiyo ikielekea kijani, majenta imekosekana. Ikiwa ya waridi, samawati imekosekana. Printa za wino sita, kama Epson L805, huongeza samawati mpauko na majenta mpauko. Majenta mpauko ikiziba peke yake, sehemu za giza za picha hubaki nzuri, ila paji la uso na mashavu yanayopata mwanga hugeuka kijanikijani. Hapo wengi hudhani kamera imeharibika.

Kwa sababu hiyo, uchunguzi huanzia kwenye nozeli, kabla ya kugusa picha yenyewe. Printa nyingi zina amri ya kuchapa kipimo cha nozeli: ukurasa wenye mistari mifupi iliyopangwa kama ngazi, kila wino na ngazi yake. Ngazi ikikatika, nozeli za wino huo zimeziba. Njano ndiyo hudanganya zaidi, kwani chini ya taa hafifu mistari yake haionekani kwenye karatasi nyeupe. Ikaguliwe kwenye mwanga wa mchana, au kupitia kipande cha plastiki angavu ya bluu, ambapo mistari ya njano huonekana myeusi na mapengo yake hujitokeza.

Dawa ya nozeli zilizoziba ni amri ya kusafisha hedi, lakini dawa hii ina gharama. Kila usafishaji hunyonya wino na kuumwaga kwenye pedi iliyo ndani ya printa, na pedi ikijaa printa hugoma kufanya kazi. Inatosha kusafisha mara mbili au tatu, kipimo kikichapwa kila baada ya kusafisha. Hali isipobadilika, printa izimwe kwa kitufe chake na kuachwa hadi kesho yake. Wino mkavu hulainika na mapovu ya hewa hutulia, na mara nyingi kipimo cha asubuhi hutoka kamili. Kwa printa nyingi za HP za nyumbani, hedi imo kwenye katriji, hivyo katriji mpya huja na hedi mpya. Epson hujenga hedi ndani ya mashine, na ikifa, gharama yake hukaribia bei ya printa nyingine.

Chanzo cha kuziba mara nyingi ni umeme. Printa inapopumzika, hedi hukaa pembeni juu ya kofia ya mpira inayoihifadhi isikauke. Umeme wa sola au jenereta ukikatika katikati ya kazi, hedi hubaki wazi njiani, na vumbi la kiangazi humalizia uharibifu. Umeme ukirudi, printa iwashwe mara moja hata kama hakuna kazi, ili hedi irudi kwenye kofia yake. Kuzima printa kwenye swichi ya ukutani badala ya kwenye kitufe chake ni tabia ya kuachwa kabisa. Baridi nayo ina sehemu yake: printa za Epson za matangi zimeundwa kufanya kazi kati ya nyuzi 10 na 35 za Selsiasi, na asubuhi za Juni na Julai kwenye nyanda hizi ni vyema chumba kipate joto kwanza.

Safari ni hatari nyingine. Printa ya matangi iliyoletwa kwa gari kutoka Arusha ikiwa imelala ubavu huingiza hewa kwenye mirija, na wino mmoja au wote hukatikakatika kwa siku kadhaa. Isafirishwe ikiwa wima, na modeli zenye kifungio cha kuzuia wino zifungwe kabla ya kuondoka.

Nozeli zikiwa nzima na rangi bado si sahihi, zamu ni ya wino na karatasi. Wino wa kampuni tofauti huweza kuwa na herufi ileile lakini si rangi ileile. Majenta ya chupa moja huwa nyekundu zaidi kuliko ya nyingine, na tangi lililochanganywa halitoi matokeo yanayotabirika. Karatasi ya picha huwa na upande mmoja wenye tabaka la kupokea wino. Kidole chenye unyevu kikigusa pembeni, upande huo hunata kidogo. Ukichapa upande wa pili, wino hutuama na kuchuruzika. Nyeusi ikipanguswa kwa kidole na kutoka kwenye karatasi inayong'aa, huo ni wino wa chembe (pigment) usiofaa kwa karatasi hiyo, au printa imeambiwa kwamba ni karatasi ya kawaida.

Kosa hilo la mwisho ndilo rahisi kuliko yote na ndilo linaloharibu picha nyingi zaidi. Kwenye dirisha la kuchapa kuna sehemu ya aina ya karatasi. Ikiachwa kwenye karatasi ya kawaida, kiasi cha wino huwa si chake na picha hutoka imefifia. Kosa jingine ni programu ya picha na printa zote mbili kurekebisha rangi kwa wakati mmoja. Picha hutoka nzito, yenye wekundu usioelezeka, ilhali kipimo cha nozeli ni safi. Moja irekebishe rangi, na urekebishaji wa nyingine uzimwe. Kwa nyumbani, faili libaki kwenye mfumo wa sRGB wa mwaka 1996, ambao simu na kamera nyingi huutumia.

Hatua hizi zikikamilika ndipo picha yenyewe ihukumiwe. Ngozi nyeusi ina historia yake katika upigaji picha: kwa miongo mingi maabara za filamu zilipanga rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, na ngozi za Waafrika zikatoka zikiwa tope lisiloonyesha sura. Kamera za leo ni bora, lakini mandhari angavu nyuma ya uso mweusi bado huifanya kamera ipunguze mwanga. Uso uangaziwe vya kutosha wakati wa kupiga, kwa sababu wino hauwezi kurudisha kilichopotea. Kioo cha simu kilichoongezwa mwanga hadi mwisho nacho hudanganya, na picha iliyopendeza hapo hutoka ya giza.

Picha iliyochapwa isihukumiwe ikiwa bado mbichi, wala chini ya balbu ya LED ya bei nafuu, ambayo huweza kuipa rangi isiyo yake. Itazamwe kivulini mchana, ikiwa imekauka. Ikitoka vizuri kisha ikapauka ukutani baada ya miezi, printa haina kosa: wino wa kawaida wa rangi iliyoyeyushwa (dye) huliwa na jua, hewa na moshi wa kuni, na fremu yenye kioo, mbali na dirisha na jiko, huurefushia maisha.