Kuujua na Kuupenda Mji Tukaao
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Jadida, Wete, Pemba)



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama mbele yenu jioni hii. Sikuja kusema habari za mishahara wala za vyeo, kwani hizo zina siku yake. Nataka kusema juu ya jambo lisilokuwamo katika jalada lolote la afisi zetu, nalo ni hili: mtu aliyeletwa na kazi mahali asipopachagua, afanyeje hata apapende?

Wengi wetu tulikuja huku kwa barua ya uhamisho. Karani aipatapo barua ile huanza kuhesabu miezi ya kuondoka kabla hajafika. Hununua kitanda kimoja na sufuria mbili, nguo zake zakaa sandukuni, na kila Ijumaa jioni macho yake yako bandarini. Miaka mitatu hupita, minne hupita, naye angali mpita njia. Wahenga walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndugu zangu, siku yetu ya tatu imepita zamani, na jembe bado hatujalishika.

Jembe nilisemalo ni maarifa. Mtu hawezi kupenda asichokijua, na mahali pasipojulikana huwa pabaya kwa sababu hiyo tu.

Tuanze na hapa tulipo. Jadida ni neno la Kiarabu, maana yake mpya. Lakini nchi iliyotuzunguka ni kongwe. Ng'ambo ya maji, kusini ya Wete, kipo Mtambwe Mkuu. Mwaka 1984 wachimbuzi wa mambo ya kale walipata huko sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na za dhahabu chache, zilizofukiwa ardhini tangu karne ya 11 au karibu nayo. Nyingi zina majina ya watawala wa pwani hii hii, kama Ali bin al-Hasan. Mapema katika karne ya 13 mwandishi Yaqut alikitaja kisiwa hiki kwa jina la al-Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani, na akataja miji yake miwili, ambayo wataalamu waitambua kuwa Mtambwe na Mkumbuu. Nauliza bila kumlaumu mtu: ni wangapi kati yetu, hata waliozaliwa hapa, waliokwisha vuka kwenda kupaona?

Tazameni na karafuu. Twazipita zimeanikwa juu ya majamvi, twaona kero kuzikwepa. Lakini zina historia yake. Mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja ikaangusha mikarafuu yake mingi. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa hiki kikawa ndicho kitoacho sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Ukikaa baraza moja na wachambuao, utafundishwa kwa nini karafuu huchumwa kabla halijafunuka ua lake, na kwa nini makonyo hayatupwi, bali hukamuliwa mafuta. Harufu ile iliyokuwa ikikuchosha utaisikia kwa namna nyingine.

Wako pia popo wa Pemba, wakubwa, ambao mabawa yao yakikunjuliwa hupita mita moja. Hawapatikani mahali pengine popote duniani. Zamani waliwindwa wakaliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki wachache sana. Kisha wenyeji wa Kidike na wa vijiji vingine walielezwa thamani ya mnyama huyu, jinsi asambazavyo mbegu za miti ya msitu, wakaanza kumlinda wenyewe, naye akaongezeka tena. Popo ni yule yule, na miti ni ile ile. Kilichogeuka ni ujuzi wa watu.

Pengine mtasema, haya ni mambo ya matembezi, karani yamfaa nini? Yamfaa sana, tena katika kazi yake. Mzee afikapo mezani kwako akasema shamba lake liko Mtambwe, yakupasa ujue kuwa iko Mtambwe Kaskazini na iko Mtambwe Kusini. Usipojua, barua yake itakwenda kwa sheha asiyehusika, naye atarudi alikotoka, nauli imepotea na siku imepotea. Mara nyingine shauri lenyewe ni la mirathi, au la shamba la eka tatu katika yale yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na mipaka yake yajulikana kwa majina ya mabonde na miti. Karani asiyejua majina hayo aweza kumdhulumu mjane bila kukusudia, kwa kalamu safi na hati nzuri.

Sisemi tusione kasoro. Jamaa zetu wako mbali, na safari ya bahari si nyepesi. Kumpenda mtu hakukuzuii kumwambia ukweli, na mji ni vivyo hivyo. Yule ajuaye ni kisima gani hukauka, na ni njia gani huharibika masika yakiingia, ndiye awezaye kuandika lalamiko likasikilizwa. Mpita njia hunung'unika tu, kisha akaenda zake.

Basi naleta mashauri matatu. Kwanza, kila mwezi tujifunze majina ya mahali pamoja papya, kuanzia Utaani, Bopwe na Limbani, tukiwauliza wazee kwa adabu na kuyaandika kama wayatamkavyo wao. Pili, tuzijue nyakati za hapa: kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu, ili tufahamu kwa nini mvuvi hawezi kuja afisini siku tuliyomwita. Tatu, chama hiki kifanye safari moja ya kuvuka Mtambwe Mkuu kabla ya mvua, kila mtu kwa mchango wake, na tumwombe mwenyeji mmoja atuongoze.

Huenda wiki ijayo mmoja wetu akapata barua ya uhamisho. Namwombea heri. Lakini akiulizwa huko aendako, Pemba pakoje, awe na la kujibu zaidi ya kwamba alikaa miaka minne na mvua ilikuwa nyingi.