Kutazama Samaki wa Ziwa Tanganyika

Kutazama samaki katika makazi yao ya asili ni burudani isiyohitaji ndoano wala wavu. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, linafaa sana kwa burudani hiyo kwa kuwa maji yake ni maangavu. Humo mna zaidi ya spishi 200 za sikilidi, ndugu wa perege na sato, na karibu zote hazipatikani kwingineko duniani.

Mtazamaji huhitaji miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na subira. Akielea kimya kando ya miamba, samaki huacha kumwogopa na kurudia shughuli zao. Baadhi hukwangua mwani kwenye mawe. Wengine, wadogo kama kidole, huishi na kutaga ndani ya makombe matupu ya konokono. Wapo pia majike wanaoatamia mayai kinywani. Hatari ikitokea, vitoto vya baadhi yao hukimbilia humo humo.

Kabla ya kuingia majini, wavuvi wa eneo husika waulizwe kuhusu mamba, na sehemu zenye majani ziepukwe kwa sababu ya kichocho. Mawe yasipinduliwe wala makombe yasiokotwe, kwani kombe moja ni nyumba ya samaki.