Damu Isiwe Juu ya Nyumba Yetu

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Kutoka 21:28-29, Hesabu 27:1-7



Wapendwa mnaotusikiliza redioni, na ninyi mtakaosoma karatasi hii nyumbani, leo tunasema juu ya barabara. Ile ya kwenda mbinguni tunaihubiri kila Jumapili. Leo tunasema juu ya barabara ya lami inayopita mbele ya kanisa letu hapa pembeni ya Lubumbashi, ile ya makamio ya migodi yanayotoka Kolwezi na Likasi kuelekea Kasumbalesa.

Tulizika mtoto wa karte yetu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa primeri. Alitumwa asubuhi kununua mkate ng'ambo ya barabara, kabla ya kwenda shuleni. Kamio lilikuja kwa mwendo mkali, na dereva alipomwona hakuweza tena kusimama. Sisi ndio tuliohubiri kwenye mazishi. Tulisema kama tunavyosema siku zote, kwamba Bwana amemwita mtoto wake. Jioni, matangani, mama yake alituuliza swali moja: "Baba Pasta, ni Bwana ndiye alishika usukani?" Hatukuwa na jibu.

Vijana walikuwa na jibu lao: kuchoma matairi, kufunga barabara, na kumpiga dereva wa kwanza atakayepita. Ndugu wengine kanisani walisema ni wachawi wa karte wanaotafuta damu. Basi tulifunga siku tatu, tukatembea usiku kando ya barabara tukiomba na kukemea. Hatujutii maombi hayo. Lakini asubuhi ya siku ya nne makamio yalipita kwa mwendo ule ule. Wapendwa, Shetani ana kazi yake, lakini hatujamwona akiwa na permi ya kuendesha gari.

Hapo ndipo Roho alitukumbusha somo letu la kwanza. Nyumba za Israeli zilikuwa na dari bapa, watu walipanda juu kupumzika na kulala. Mungu akaagiza kwamba mtu akijenga nyumba mpya, azungushe ukuta kando ya dari, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni hekima ya Mungu wetu. Anapenda tuwaombee watoto, lakini kwa jambo la dari alimwambia mwenye nyumba ajenge. Na mtu akianguka mahali pasipo ukuta, Mungu hasemi kwamba siku yake ilifika. Anamuuliza mwenye nyumba.

Dodane ni ukuta wa barabara. Sikilizeni kwa nini. Gari inayokwenda kilometa 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kwa sekunde moja. Mtoto akitokea mbele, mita hizo zinakwisha kabla mguu wa dereva haujafika kwenye freni. Gari ya kilometa 30 inapita mita 8 na kidogo tu. Tena, mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya kusimama baada ya kukanyaga freni inaongezeka mara nne. Kati ya hesabu hizo mbili ndipo mtoto wetu alikufa.

Somo la pili ni la ng'ombe mwenye kupiga kwa pembe. Akiua mtu mara ya kwanza, mwenyewe anaachiliwa. Lakini kama ng'ombe alizoea kupiga, na mwenyewe alionywa, naye hakumfunga, damu inadaiwa kwake. Neno zito pale ni kuonywa. Je, burgumesta wetu ameonywa? Shefu wa karte ameonywa? Matajiri wa makamio wameonywa? Sisi tunalia matangani, tunanung'unika sokoni, kisha tunalala. Hakuna hata barua moja iliyofika ofisini kwao.

Ndiyo maana tumeandika barua, na tunawaomba mtie sahihi. Inaomba mambo matatu: dodane mbili, moja mbele ya shule na moja mbele ya soko, vibao vya kilometa 30 kwa saa, na polisi wa rulaji saa watoto wanapoingia na kutoka shuleni.

Tunajua mtakachosema: "Pasta ameingia siasa." Hapana, wapendwa. Fungueni Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi hawakuwa na baba, wala kaka, wala urithi. Walikwenda wakasimama mbele ya Musa, na kuhani, na wakuu, na mkutano wote, wakasema neno lao kwa heshima. Hawakutupa mawe, wala hawakukaa kimya. Musa hakuwakasirikia, alipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akasema mabinti hao wana haki. Ombi la wanawake watano likawa sheria kwa Israeli wote.

Sheria ya inchi yetu nayo imetufungulia mlango huo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mwenye mamlaka, akiwa peke yake au pamoja na wengine, na mwenye mamlaka anapaswa kujibu katika miezi mitatu. Tena inasema mtu asishitakiwe kwa sababu ya ombi hilo. Basi msiogope.

Lakini tusinyooshe kidole kwa komini peke yake. Ni nani anayemwambia dereva wa bisi, "Kanyaga, tunachelewa ibada"? Ni sisi. Ni nani anayepanda moto wakiwa watatu na mtoto katikati, halafu anamhimiza manseba akimbize? Ni sisi. Na ndugu zetu madereva mnaoshiriki meza ya Bwana pamoja nasi, mguu wenu wa kuume nao uokoke! Hatuwezi kutia sahihi Jumapili na kukimbiza gari Jumatatu.

Jumapili hii, baada ya ibada, meza itakuwa mlangoni. Asiyejua kuandika atatia kidole. Majirani wa makanisa mengine na ndugu zetu Waislamu waje pia, kwa sababu kamio haliulizi mtu anasali wapi. Wazee watapeleka barua komini, na watarudi na nakala iliyopigwa muhuri, yenye tarehe. Miezi mitatu ikipita bila jibu, tutarudi, kama mjane wa Luka 18 aliyemrudia kadhi mpaka akapewa haki yake.

Sahihi ya kwanza imekwisha kuwekwa. Ni ya mama wa mtoto.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kimya chetu. Ulainishe mioyo ya wakubwa wetu, uwape madereva hofu yako, uwalinde watoto wanaovuka kesho asubuhi. Na sisi utupe mikono ya kujenga ukuta, ili damu isiwe juu ya nyumba yetu. Katika jina la Yesu. Amina.