Asilimia tano ya mafuta, na maji je?

Wadau, uzi wa leo ni maandishi ya mazungumzo niliyotoa kwa wenzangu kwenye kikao cha midahalo chuoni. Nimeyakata vipande ili yasomeke kwa simu. Kawaida yetu mnaijua: hapa hatutaji mwanasiasa wala chama, tunapima hoja.

Hoja yenyewe ni mafuta ya Turkana. Tangu kisima cha Ngamia 1 kipate mafuta kule Lokichar mwaka wa 2012, kila msimu wa siasa mdahalo unaishia pale pale: nani anapata ngapi. Mwaka wa 2018 wakazi walizuia malori ya mafuta barabarani, wakitaka usalama na mgao wa haki. Sheria ya Petroli ya 2019 ikagawa mapato ya serikali hivi: serikali ya kitaifa 75, kaunti 20, jamii ya eneo hilo 5. Agosti mwaka huo huo shehena ya kwanza, mapipa kama 200,000, ikaondoka Mombasa. Hotuba zikatolewa, bendera ikapeperushwa.

Mgao ni muhimu, sibishani. Lakini angalieni kinachotokea mtu akiulizwa jukwaani kuhusu maji. Anajibu: "Tutachimba visima." "Tutaleta matangi." Hilo ni jibu la wingi wa maji. Kama maji yenyewe yanafaa kunywewa, swali hilo linabaki limekaa tu, hakuna aliyeligusa.

Sasa, mafuta yanaingiaje kwenye maji? Wengi tunawaza bomba limepasuka na mto umekuwa mweusi. Hiyo hutokea, ila kuna njia za kimyakimya zaidi. Mafuta hayatoki ardhini peke yake. Hutoka pamoja na maji ya chini sana, yenye chumvi nyingi, mabaki ya mafuta, na mara nyingine metali nzito. Kisha kuna tope la kuchimbia na vipande vya mwamba vilivyotolewa shimoni. Vyote hivyo lazima viwekwe mahali. Vikitupwa kwenye shimo ambalo halijatandikwa vizuri chini, mvua ikinyesha vinashuka polepole hadi kwenye maji ya ardhini. Au saruji inayozunguka bomba la kisima ina ufa, na uchafu unapanda mpaka tabaka la maji ya watu. Hakuna moshi, hakuna mlio.

Na hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mtu alibebe nyumbani. Tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba maji ukiyachemsha yamekuwa salama. Ni kweli kwa vijidudu: kipindupindu, homa ya matumbo. Kwa chumvi na metali kuchemsha ni kuongeza ubaya, kwa sababu maji yanapungua na sumu inabaki sufuriani. Klorini nayo haiondoi metali. Halafu kuna benzeni, kemikali iliyomo ndani ya mafuta ghafi, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema inasababisha saratani ya damu. Ukichemsha maji yenye benzeni, sehemu yake inapaa kama mvuke ndani ya nyumba unamopikia. Kwa hivyo ile "tutahamasisha wananchi wachemshe maji" tuliyozoea kusikia hapa haina kazi.

Tutoke Kenya kidogo, twende Ogoni, kwenye delta ya Niger huko Nigeria. Nchi hiyo ilipata mafuta ya kibiashara mwaka wa 1956. Uchimbaji Ogoni ulisimama 1993, ingawa mabomba yaliendelea kupita. Mwaka wa 2011, yaani miaka 18 baadaye, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake ni hapa hapa Nairobi, lilitoa ripoti ya uchunguzi wake. Katika jamii ya Nisisioken Ogale, familia zilikuwa zinakunywa maji ya visima yenye benzeni zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Mara mia tisa! Sehemu moja walikuta tabaka la mafuta lenye unene wa sentimita 8 likielea juu ya maji ya ardhini. Ripoti ilikadiria kwamba kurejesha mazingira ya eneo hilo kungeweza kuchukua miaka 25 hadi 30.

Kuna kitu kimoja kwenye kisa hicho ambacho wanamidahalo wetu hukiruka. Utasikia: "Shida ni makampuni ya kigeni, serikali ikishika yenyewe mambo yatanyooka." Bomba lililokuwa karibu na visima vile vya Ogale lilikuwa la shirika la mafuta la serikali ya Nigeria. Basi uzalendo pekee hausafishi maji. Na upande wa pili, ule wa "mahakama zipo, atakayeumia ashtaki": watu wa Ogale waliishtaki Shell mjini London, na ni Februari 2021 tu ambapo Mahakama ya Upeo ya Uingereza iliamua kwamba kesi yao inaweza kuendelea kule. Kuendelea, si kushinda. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu ripoti itoke.

Turudi Lokichar. Ugumu wetu una sura yake. Maji ya ardhini katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floridi na chumvi kiasili. Meno ya kahawia mnayajua, na floridi ikizidi sana huharibu hata mifupa. Mwaka wa 2013 ilitangazwa kwamba Turkana imepata ziwa kubwa chini ya ardhi, Lotikipi, tukashangilia nchi nzima. Vipimo vya baadaye vikaonyesha maji yake yana chumvi kupita kiasi cha kunywa bila kusafishwa.

Hilo linamaanisha nini kisiasa? Mama anayechota maji kwenye kisima cha mchanga ndani ya laga akisema maji yamebadilika ladha, mbuzi wanakufa, watoto wanaumwa tumbo, jibu liko tayari: "Maji ya huku yalikuwa mabaya hata kabla hatujaja." Na huwezi kulipinga, wala wao hawawezi kulithibitisha, kama hakuna karatasi inayoonyesha maji ya kisima kile kile yalikuwaje kabla ya kuchimba. Mimi naona karatasi hiyo ndiyo inayostahili kupiganiwa hata kabla ya asilimia. Vipimo vya kila chanzo cha maji, vya kwanza vikiwa vya kabla ya kazi kuanza, vinarudiwa kila msimu na maabara ambayo hailipwi na mchimbaji, na matokeo yanabandikwa pale watu wanapochota maji, kwa Kiturkana na Kiswahili.

Mtu aliniuliza kikaoni, "Kwani sheria inaruhusu tuvidai?" Inaruhusu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya habari. Na Kifungu cha 70, ambacho ni kama kimesahaulika, kinasema anayekwenda mahakamani kutetea mazingira safi hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu aliyeumia. Yaani si lazima tungoje maiti.

Kinachotukwamisha ni mpira kupigwa huku na huku. Madini na mafuta ni ya serikali ya kitaifa. Huduma za maji ni za kaunti. Ulinzi wa vyanzo vya maji, kitaifa tena. Hospitali, kaunti. Ukiuliza huku unaambiwa nenda kule. Sasa pigeni hesabu: mtoto akiugua kwa sababu ya maji, anatibiwa kwenye zahanati ya kaunti, yule wa asilimia 20, na nauli inatoka kwa familia iliyomo ndani ya ile 5. Mwenye 75 hakutani na bili hiyo popote.

Kwa hivyo mgombea yeyote akija na asilimia zake, mwacheni amalize. Halafu mwulizeni kisima gani kilipimwa, lini, na nani, na matokeo yako wapi. Akisema yapo, aombwe nakala.

Maswali wekeni hapa chini, nitajibu jioni nikitoka darasani. Uzi ujao ni ardhi ya jamii na fidia.