Kifua Kisichopona: Mtoto Hakurogwa, Wala Mama Hana Kosa

Mimi ni muuguzi wa jamii hapa Matuga. Leo nitaanza na habari ya kijana mwimbaji wa nchi ya mbali, kisha turudi kwetu Tiwi, Waa, Ng'ombeni na Mkongani, kwa mtoto anayekohoa kila siku.

Kijana huyo aliitwa Grégory Lemarchal. Alizaliwa Ufaransa mwaka wa 1983. Kabla hajatimiza miaka miwili, madaktari waligundua kuwa ana ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi. Ugonjwa huu hufanya makohozi kuwa mazito kama gundi. Hukwama kwenye mapafu, vijidudu vinazaliana humo, na mtoto anapata nimonia mara kwa mara.

Mwaka wa 2004 Grégory aliingia katika mashindano ya kuimba ya televisheni yaitwayo Star Academy. Fikiria mtu mwenye mapafu mabovu akisimama kuimba mbele ya nchi nzima! Tarehe 22 Desemba 2004 alishinda, akawa mwanamume wa kwanza kushinda mashindano hayo huko Ufaransa. Lakini tarehe 30 Aprili 2007 alifariki akiwa na miaka 23, huku akingojea kupandikizwa mapafu mapya. Siku chache baadaye kipindi cha televisheni cha kumkumbuka kilikusanya mamilioni ya yuro. Mwaka huohuo wazazi wake waliunda chama chenye jina lake, cha kusaidia wagonjwa na utafiti.

Muziki haukumponya Grégory. Lakini watu wengi waliokuwa hawajawahi kusikia jina la ugonjwa wake walilisikia kupitia sauti yake.

Mama, huenda wajiuliza, hayo yanihusu nini mimi? Yanakuhusu kwa sababu ugonjwa usio na jina hupewa jina la uongo. Mtoto huambiwa amerogwa, au mama huambiwa ameleta mkosi.

Niliwahi kutembelea boma moja ambapo mtoto alikuwa haishi kuugua kifua na homa. Mama yake alikuwa amefunga nguo zake, arudishwe kwao. Mama mkwe akaniambia, "Daktari, kwetu sisi hakuna ugonjwa kama huu. Ameuleta yeye." Tulimpeleka mtoto hospitali, akapimwa damu. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao wengi wauita sikoseli. Nikamwambia yule mzee kwa heshima, "Bibi, mtoto hawezi kuupata kwa mama peke yake. Kwenu pia upo, ila ulikuwa umelala." Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akamwambia mkwewe, "Fungua hizo nguo."

Sasa nisikilizeni vizuri. Selimundu ni ugonjwa wa damu, na sistiki faibrosisi huathiri mapafu na tumbo. Ni magonjwa mawili tofauti, lakini hurithiwa kwa njia moja. Kila mtu ana mbegu mbili za urithi kwa jambo hilo, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye mbegu moja mbovu na moja nzima haugui. Aweza kuzeeka bila kujua. Lakini wawili kama hao wakizaa pamoja, katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa, nafasi 2 kati ya 4 za mtoto mwenye mbegu iliyolala kama wazazi wake, na nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto asiye nayo kabisa. Usidhani ukishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba huanza hesabu upya. Na ndugu wa damu wakioana nafasi hiyo huongezeka, kwa kuwa wametoka kwa babu mmoja.

Kwa hiyo si kosa la mama, si kosa la baba. Hakuna aliyechagua mbegu.

Hapa pwani selimundu ni ya kawaida. Sistiki faibrosisi ni nadra, lakini ngozi nyeusi si kinga dhidi yake, na kikohozi chake hufanana na cha kifua kikuu. Mweleze muuguzi ukiona dalili hizi kwa pamoja:

Mtoto anakohoa tangu uchanga na nimonia inamrudia.
Anakula vizuri lakini haongezi uzito.
Choo chake ni kingi, kina mafuta na kinanuka kupita kiasi.
Ukimbusu kipajini waonja chumvi nyingi, na jasho likikauka laacha unga mweupe.

Mtoto huyo ahitaji kuonwa na daktari wa watoto, na kipimo chake kikuu ni kupima chumvi kwenye jasho. Tangu 2019 kuna vidonge vinavyowasaidia sana wengi wenye ugonjwa huu, ingawa bei yake bado iko mbali na mfuko wa familia nyingi za Afrika. Hata pasipo vidonge hivyo, dawa za kuua vijidudu, mazoezi ya kutoa makohozi na chakula cha kutosha hurefusha maisha.

Kwa mwenye mtoto wa selimundu: akipata homa, maumivu ya kifua na kupumua kwa shida, usingoje asubuhi. Mapafu yake yaweza kuharibika upesi. Mpeleke hospitali usiku huohuo.

Na kwa kila mtoto, wa kurithi au asiye wa kurithi: mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Wa miezi 2 hadi 12 akifika pumzi 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40 au zaidi, huyo anapumua haraka. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, hiyo ni hatari kubwa. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zisikose, maana humo mna kinga ya nimonia.

Nenda na kijitabu cha mama na mtoto. Mwambie muuguzi mara ngapi mtoto ameugua, na kama kuna ndugu yake aliyefariki mdogo. Ukitibiwa mara tatu na hali ni ileile, uliza kwa adabu, "Kwa nini inarudi?" Una haki ya kuuliza. Kituo chako chaweza kukutuma hospitali ya Kwale au ya rufaa Msambweni.

Mwisho, enyi wa vikundi vya akina mama, mnaoimba harusini na kucheza sengenya: tungeni wimbo kuhusu jambo hili. Walimu, mnapoandaa watoto kwa mashindano ya muziki ya shule, wapeni maneno haya waimbe. Huenda akausikia mama mmoja aliyefunga nguo zake, akazifungua.