Dawa Inafaa: Tunajua Namna Gani?

Swali la leo ninawafundisha pia wanafunzi wangu wa uuguzi. Tunasema dawa fulani inafaa. Tunajua namna gani?

Siku moja mama mmoja alirudi kwetu na mtoto mgongoni, akasema kwa hasira: "Mama, maji yenu ya sukari na chumvi ni ya bure. Tangu jana ninamnywesha, na angali anahara!" Wanafunzi walinyamaza. Nikamwambia: "Mama, umeuliza vizuri. Tumtazame mtoto pamoja." Macho hayakuingia ndani. Ulimi ulikuwa na mate. Alikojoa, alinyonya.

Sikieni basi. Kuhara kunaua mtoto kwa sababu maji na chumvi vinatoka mwilini. Ni kama ndoo yenye tundu. Maji yale hayazibi tundu. Yanajaza ndoo mpaka mwili wenyewe uzibe. Mama alitazama choo, kumbe ilifaa atazame mtoto. Kosa lilikuwa letu. Tulimpa dawa, hatukumweleza kazi yake.

Tena, mtoto mmoja akipona, haitoshi kusema dawa imemponya. Kuhara kwingi kunaisha kwenyewe kwa siku chache. Jogoo anawika, jua linatoka, lakini si jogoo anayelitoa. Ndiyo maana tunahesabu wagonjwa wengi.

Mwaka wa 1971, katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, kipindupindu kilikuwa kikali, na serumu za mshipani zilipunguka. Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza wagonjwa wanyweshwe maji ya chumvi na sukari. Mbele ya hapo, karibu watu 30 kati ya 100 walikufa. Kwa wale waliotunzwa kwa maji hayo, walikufa chini ya 4 kati ya 100. Na wengi walinyweshwa na nani? Na jamaa zao wenyewe, watu kama ninyi.

Kama hamna pakiti ya dispanseri, fanyeni hivi: maji safi litri 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Vijiko visijae kupita kiasi. Chumvi nyingi ni hatari. Mpe kidogo kidogo kila akihara. Usimkataze ziwa wala chakula. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, au choo kikiwa na damu, mlete mara moja, hata usiku.

Na siku tukiwapa dawa yoyote, tuulizeni: Inafanya kazi gani? Nitazame nini? Nirudi lini? Msiogope koti jeupe. Swali la mama si dharau, linamsaidia muuguzi kufikiri. Mungu alitupa akili sisi wote, wenye diploma na wasio nayo. Bwana awabariki na watoto wenu.