Robo Tatu ya Mzigo Ni Ganda

Leo tunazungumzia uchumi wa mikoa ya Tanzania, na ninaomba tuutazame kwa swali moja: mali ya mkoa inapoondoka, imeshafanyiwa kazi kiasi gani? Tani za mavuno zikitangazwa tunafurahi, na tuna haki ya kufurahi. Ila tani hazisemi fedha imebaki kwa nani.

Tuanzie Kusini, maana huko ndiko swali hili linakouma zaidi. Msimu wa 2017/18 nchi ilipata korosho zaidi ya tani laki tatu, nyingi zikitoka Mtwara na Lindi. Msimu uliofuata bei za mnada zikaporomoka, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba 2018 serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kusomba mzigo. Oktoba 2024, minada ilipofanyika kupitia Soko la Bidhaa, TMX, bei ilivuka 4,000. Mkulima wa Newala au Tandahimba aliyetoka kupulizia mikorosho salfa kwenye jua kali anajua tofauti hiyo ina maana gani nyumbani kwake.

Lakini bei hiyo ni ya korosho ghafi. Ili upate kilo moja ya korosho iliyobanguliwa, unahitaji kilo nne hadi tano za ghafi. Kwa hiyo meli inayong'oa nanga Mtwara kwenda India au Vietnam, robo tatu ya mzigo wake au zaidi ni ganda. Huko ndiko linakopasuliwa, na hata mafuta yake yana soko viwandani, kwenye rangi na breki za magari. Kuchemsha, kupasua, kukausha, kumenya ngozi, kupanga madaraja: ni kazi ya mikono mingi, na penye kiwanda, mikono hiyo kwa kawaida ni ya akina mama. Tunaposafirisha ganda tunasafirisha mishahara yao.

Msikilizaji atauliza, kwa nini tusibangue wenyewe? Tulijaribu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na viwanda 12 vya kubangua, vingine vikiwa vimejengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Bahati mbaya, vilipokamilika korosho yenyewe ilikuwa imepungua vibaya. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao, bei ilikatisha tamaa, na ugonjwa wa ubwiriunga ukamaliza maua. Mavuno yalishuka kutoka karibu tani 145,000 mwaka 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Viwanda vikafungwa, baadaye vikauzwa, na baadhi ya majengo yakageuka maghala ya kuhifadhia korosho hizo hizo ghafi.

Sasa korosho imerudi, na bado kiwanda cha hapa kinapata taabu. Sababu iko kwenye kalenda. Mavuno yetu huanza Oktoba na yanauzwa ndani ya miezi michache. Mwenye kiwanda anayetaka kufanya kazi mwaka mzima lazima anunue akiba ya mwaka mzima ndani ya wiki hizo, kwa fedha ya mkopo wenye riba nzito, akishindana na wasafirishaji wenye mitaji mikubwa. Mbanguaji wa India hana shida hiyo: ananunua kwetu mwishoni mwa mwaka, kisha Afrika Magharibi wanavuna, kisha mashamba ya kwao. Anazungusha mtaji mdogo mwaka mzima. Wa Mtwara anafungia mtaji wote ghalani, au anafunga kiwanda miezi sita.

Upo ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa. Ni jambo jema. Kwa maoni yangu hautoshi, kwa sababu haugusi kalenda. Kinachohitajika ni mkopo wa akiba wenye riba ndogo, na nafasi kwa mbanguaji wa ndani kununua kabla wasafirishaji hawajaingia mnadani.

Sasa twende Singida tuone hali tofauti. Alizeti inakamuliwa hapo hapo, kwenye mashine nyingi ndogo kando ya barabara. Mafuta yanaliwa nchini, mashudu yanakwenda kwa mifugo. Mashine haihitaji mtaji wa kutisha, na mnunuzi ni mpishi wa Dodoma au Dar es Salaam. Tatizo la Singida linatokea bandarini: ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje ukishushwa, gunia la alizeti linashuka nalo. Mkulima wa Iramba anapaswa kuifuatilia bajeti ya Juni kwa makini kama anavyofuatilia mvua.

Tupande hadi Kagera: ina mvua, ina mpaka na nchi tatu, ina kiwanda cha kahawa ya unga Bukoba tangu miaka ya 1960. Hata hivyo, pato lake kwa kila mtu limekuwa miongoni mwa ya chini kabisa katika takwimu za mikoa. Sehemu kubwa ya kahawa huuzwa ikiwa na maganda, na familia iliyobanwa na ada ya shule huuza butura, yaani inauza ikiwa bado mtini. Mtwara wana kangomba, korosho kuuzwa kwa walanguzi kwa bei ya chini. Jina tofauti, maumivu ni yale yale.

Geita nitaigusa kidogo. Soko la madini lililofunguliwa 2019 limempa mchimbaji mdogo mahali pa kuuza hadharani, na halmashauri hupata ushuru wa huduma kutokana na mapato ya mgodi mkubwa. Ila dhahabu ikichimbwa haioti tena. Kinachojengwa sasa ndicho kitakachobaki.

Na nyenzo za kusindika mali mikoani zimeanza kuja: mwaka 2024 reli ya kisasa ilianza kubeba abiria hadi Dodoma, na bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 likaanza kuzalisha umeme. Kwa miaka mingi mwekezaji wa mkoani alilalamikia umeme. Leo anayelalamika atazungumzia zaidi mtaji, na huo unaanzia hata ngazi ya halmashauri: asilimia 10 ya mapato ya ndani ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudishwa mwaka wa fedha 2024/25.

Basi kwenye mkutano wa kijiji, uliza mikopo hiyo imekwenda kwa vikundi gani, na vingapi kati yake vinabangua, vinakamua au vinakoboa kile mnacholima.